Udongo wa Soin, Macho ya Mpiga Mbizi

Tufani ikishapita, watu wa pwani huulizana kuhusu upepo. Umepungua? Mawimbi yamelala? Nahodha atatoka kesho? Ni maswali ya haki, na anayesafiri juu ya maji huenda hahitaji zaidi ya hayo. Mpiga mbizi ana swali lake jingine, kwa sababu bahari hutulia kabla ya kutakata. Asubuhi ya pili maji yaweza kuwa shwari, jua limewaka, mashua zimerudi kazini, na mita tano chini mtu asiuone mkono wake mwenyewe. Kama ataona au hataona, hilo liliamuliwa mtoni, na mto ulianza kuliamua kwenye miteremko ya bara siku kadhaa kabla. Ndiyo maana sura hii inaanzia Soin, ambako bahari iko umbali wa zaidi ya kilomita 600 na ni wachache waliowahi kubeba mtungi wa hewa mgongoni.

Ukishuka kutoka Kericho mjini kuelekea magharibi, mashamba ya chai hubaki nyuma yako. Kijani kinachofunika vilima vya Kericho na Bomet huishia pale joto linapoanza, na chini yake iko Soin: mahindi, miwa, malisho ya ng'ombe na mbuzi, mawe, na nyasi fupi kiangazi kikikaza. Huko juu mvua hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka, na ukanda huu wa chai wa Kericho na Nandi ni miongoni mwa sehemu za dunia zinazopigwa na mvua ya mawe mara nyingi zaidi. Huko chini mvua ni haba, lakini maji ya juu hayana njia nyingine. Kaskazini yanabebwa na Nyando na vijito vyake vinavyotoka upande wa Londiani na Kipkelion. Kusini yanabebwa na Sondu, mto unaozaliwa pale Kipsonoi na Yurith inapokutana. Yote miwili humwaga maji katika Ghuba ya Winam, kisha ziwa kuu, Victoria, kisha Jinja na Mto Nile. Tone lililoanguka juu ya jani la chai Kericho, likifika baharini kabisa, litafika Bahari ya Kati, upande wa Misri.

Chai yenyewe haistahili lawama kubwa kwa maji mekundu. Mwaka 1958 watafiti wa kilimo na misitu wa Afrika Mashariki walianza kupima mabonde mawili karibu na Kericho: Sambret, ambako sehemu ya msitu ilifyekwa ipandwe chai, na Lagan, lililoachwa na msitu wake. Msitu ulipofyekwa na ardhi ikiwa wazi, maji ya mvua yalikimbilia mtoni kwa nguvu zaidi. Chai ilipokua na matawi yake kufungana, huku matuta na mitaro ikitunzwa, bonde lilitulia tena. Matokeo hayo yangepaswa kusomwa katika kila baraza la chifu kuanzia Londiani hadi Nyakach, kwa maana yanaonyesha kwamba hatari kubwa ni ardhi iliyo uchi wakati mvua inapiga.

Na ardhi iliyo uchi ipo kwa wingi chini ya chai. Ipo kwenye barabara za udongo zisizo na mitaro. Ipo kwenye njia za ng'ombe zinazoshuka mtoni, ambazo kila msimu wa masika huwa vijito na baada ya miaka michache huwa makorongo. Ipo kwenye kingo zinazolimwa hadi jembe liguse maji, ingawa kanuni za Kenya zinataka ukanda wa mita 6 hadi 30 uachwe kando ya mto. Ukiendelea kushuka unafika Katuk Odeyo, ambako mmomonyoko umechimba makorongo marefu kuliko nyumba. Karibu mwaka 2000 watafiti wa ICRAF, kituo cha kimataifa cha kilimo mseto kilichoko Nairobi, waliufuatilia udongo wa bonde la Nyando hadi ziwani kwa picha za setilaiti, na katika picha hizo wingu la tope linaonekana wazi likitoka mdomoni mwa mto na kutanda ghubani.

Wingu hilo ndilo mpiga mbizi anapaswa kulielewa, maana si kitu kimoja. Maji ya mafuriko hubeba chembe za ukubwa tofauti, na kila ukubwa una muda wake wa kuzama. Mchanga mwembamba, wenye upana wa sehemu moja ya kumi ya milimita, hushuka mita 10 kwa takriban dakika 20. Tope laini lenye chembe ndogo mara kumi kuliko huo mchanga huhitaji zaidi ya siku nzima kushuka kina hicho hicho. Udongo wa mfinyanzi, wenye chembe za sehemu moja ya elfu ya milimita, huhitaji kama miezi minne, tena katika maji yaliyotulia kabisa, bila wimbi, bila upepo, bila kamongo anayefukua chini. Hakuna ziwa la namna hiyo. Kwa hiyo mtu anayeona mchanga umeshatua ufukweni na kudhani maji yametakata, amehesabu chembe za kwanza tu.

Hapa ndipo maji ya chumvi na maji baridi yanapoachana. Chembe za mfinyanzi husukumana zikiwa katika maji ya mto, na ndiyo sababu huelea muda mrefu. Zikikutana na chumvi huacha kusukumana, hugandana kuwa mabonge madogo, na mabonge huzama haraka kuliko chembe moja moja. Bahari hujisafisha kwa siku kadhaa kile ambacho ziwa litakihifadhi kwa wiki nyingi. Mpiga mbizi wa Watamu anaweza kusema, "Tusubiri siku nne tano." Wa Dunga, karibu na Kisumu, akisubiri hivyo hatapata nafuu kubwa.

Pwani ya Kenya ina mto wake unaofanya kazi kama ya Nyando, nao ni Sabaki. Unaanzia nyanda za juu za karibu na Nairobi ukiitwa Athi, unapita Ukambani, unakutana na Tsavo na kuitwa Galana, kisha unaingia baharini kaskazini kidogo mwa Malindi ukiwa na rangi ya matofali. Kusini ya mdomo huo iko Hifadhi ya Bahari ya Malindi, iliyoanzishwa mwaka 1968 pamoja na ile ya Watamu, nayo ina matumbawe ambayo watu huvuka mabara kuja kuyaona. Kama wingu la Sabaki litafika kwenye matumbawe hayo au la, hilo linategemea pepo za msimu. Wakati wa kusi, mkondo husukuma maji ya mto kwenda kaskazini, upande wa Ghuba ya Ungwana, na Malindi huponea. Wakati wa kaskazi, maji hayo hugeuka kusini na kutanda juu ya hifadhi.

Jambo hili lina matokeo ambayo wageni wengi hawayategemei. Mvua za masika, zinazosababisha mafuriko makubwa Aprili na Mei, huangukia pale kusi inapoanza. Bahari huwa na mawimbi, lakini tope la Sabaki kwa sehemu kubwa huelekea kwingine. Mvua za vuli huangukia Novemba na Desemba, kusi ikiwa imekwisha na bahari ya juu imetulia, wakati ambapo wapiga mbizi ndio kwanza wanafika. Vuli zikizidi, kama zilivyozidi mwaka wa El Niño wa 1997 na tena mwaka 2023, mgeni hufika Malindi chini ya anga safi, bahari tulivu, na maji ya kahawia. Mtu wa pwani anayejua kazi yake atampeleka kusini zaidi, Diani au Kisite, mbali na mdomo wa mto mkubwa. Ni ushauri mzuri, na unatolewa na watu wanaofuatilia habari za mvua ya Machakos kwa umakini ule ule wanaoutumia kufuatilia upepo wa Mombasa.

Matumbawe yenyewe yamevumilia zaidi ya ilivyohofiwa. Tim McClanahan na David Obura, katika utafiti wao uliotoka mwaka 1997, waliona kwamba tope la Malindi halikuwa limeua matumbawe kama watu walivyokuwa wakisema. Lilichokuwa limefanya ni kuzipa nafasi zaidi aina zinazoweza kustahimili tope. Habari hiyo isichukuliwe kama ruhusa ya kuendelea kumwaga udongo. Aina zinazostahimili ni chache kuliko zile zinazopenda maji safi.

Tufani kubwa zenyewe, zile zinazoitwa vimbunga, ni nadra katika maji yetu kwa kuwa tuko karibu na ikweta. Zinapokuja hukumbukwa kwa vizazi. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliharibu Zanzibar, kikang'oa minazi na mikarafuu na kuzamisha majahazi bandarini. Cha Aprili 1952 kilipiga Lindi. Mei 2024 kilikuja Hidaya, kikafika eneo la Kisiwa cha Mafia, na usafiri wa boti kati ya Dar es Salaam na Unguja ukasimamishwa. Kenya haikupigwa moja kwa moja, lakini majuma hayo hayo masika yalikuwa yamejaza mito yake hadi kuvunja kingo, Nyando ukiwa mmojawapo.

Kimbunga kilichopita mbali kinaweza kumdhuru mpiga mbizi kwa njia nyingine, yaani kwa wimbi la mbali. Wimbi la upepo wa karibu huja kila sekunde tano hivi, na nguvu yake huisha kwenye kina cha kama mita 20. Wimbi lililozaliwa na tufani ya mbali huja polepole, kila sekunde 12 au zaidi, nalo hugusa chini hadi kina cha mita 100. Juu ya maji linaonekana kama pumzi ndefu tu, mashua ikipanda na kushuka taratibu. Chini, kwenye mlango wa mwamba, wimbi hilo hilo humsukuma mtu mbele mita kadhaa na kumrudisha, na kila mara huinua mchanga uliokuwa umeshatua. Manahodha wa pwani hulijua na huliangalia pale linapovunjikia mwambani. Wimbi refu likigongana na bamvua, ambapo maji hujaa na kupwa kwa tofauti ya zaidi ya mita tatu, mkondo katika milango huwa mkali mno. Busara ni kungoja maji mafu. Kuingia na maji yanayojaa kuna faida nyingine pia, kwa kuwa maji hayo hutoka bahari kuu na huwa safi, wakati maji yanayopwa hutoka kwenye hori na mikoko yakiwa na kila kilichosombwa nchi kavu.

Kuna siku ambapo maji ya mto, kwa wepesi wake, hulala juu ya maji ya chumvi. Juu mita mbili au tatu ni chai ya maziwa, na chini yake kuna maji safi lakini yenye giza, kwa sababu mwanga umezuiwa. Pale tabaka mbili zinapokutana, maji hutetemeka machoni kama hewa juu ya lami ya moto. Anayepita hapo hubadilika uzito bila kutarajia. Maji ya bahari ni mazito kuliko ya mto kwa takriban asilimia mbili na nusu, hivyo mpiga mbizi ambaye pamoja na vifaa vyake ana kilo 100 na amejipimia uzito wa bahari, akiinuka kuingia katika maji baridi atajikuta amezidisha karibu kilo mbili na nusu. Kwa mtu aliyechoka, aliye karibu kuishiwa hewa na anayetegemea kuelea akifika juu, kilo hizo zina maana kubwa. Ajaze hewa jaketi lake mapema, na asione aibu kuacha vyuma vya mkandani vizame.

Tufani huleta hatari nyingine ambayo vitabu vya kuzamia huitaja mbali na habari za hali ya hewa, nayo ni haraka. Msafiri wa Kericho aliyehifadhi fedha mwaka mzima kwa safari ya pwani, mvua ikamfungia hotelini siku nne, hutaka kuzamia mara mbili tatu siku ya mwisho kisha apande basi la jioni. Mwili wake umebeba naitrojeni iliyoingia damuni na kwenye misuli chini ya mgandamizo wa maji, na unahitaji muda kuitoa kwa pumzi. Akipanda mlimani kabla haijatoka, inaweza kufanya mapovu kwenye viungo au uti wa mgongo. DAN, mtandao wa kimataifa wa usalama wa wapiga mbizi, unashauri kungoja angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja, na saa 18 baada ya kuzamia mara kadhaa, kabla ya kupanda ndege. Watu huelewa hapo kwamba basi ni salama. Lakini ndege ya abiria huwa na hewa kama ya kimo kisichozidi mita 2,400 hivi, na barabara ya kwenda Kericho hupita Mau Summit, karibu mita 2,500. Basi lililotoka Mombasa saa moja jioni huwa limeshapita Voi na kuvuka kimo cha mita 600 kabla ya usiku wa manane. Kwa mtu wa nyanda za chai, kurudi nyumbani ni sawa na kupanda ndege, na siku moja kamili ya kupumzika pwani inapaswa kuwa sehemu ya nauli.

Ziwa nalo liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mgandamizo wa hewa hapo ni pungufu kwa zaidi ya moja ya kumi, na majedwali ya kuzamia yaliyoandikwa kwa ajili ya bahari lazima yarekebishwe kuanzia mita 300. Lakini hakuna anayekuja Winam kuzamia kwa starehe. Ghuba ina ukubwa wa kama kilomita za mraba 1,400, upande wa Kisumu una kina cha mita chache tu, na njia yake ya kuingia ziwa kuu huko Rusinga ni nyembamba, hivyo udongo wa Nyando na Sondu hukaa humo. Ukishusha sahani nyeupe kwa kamba, kipimo kilichobuniwa na padri Angelo Secchi wa Italia mwaka 1865, katika ghuba ya ndani mara nyingi hutoweka kabla ya mita moja. Hiyo ni siku ya kawaida, kabla hata ya tufani.

Wanaozamia humo baada ya mafuriko ni vijana wa fukwe na wa kingo za mito, wanaotafuta aliyesombwa. Wanaitwa na familia kabla serikali haijafika. Wengi huingia kwa pumzi yao tu, bila mtungi, bila miwani, na miwani isingewasaidia. Wanatafuta kwa mikono na miguu, wakipapasa matope, matawi na nyavu zilizokatika. Ajali ya ndege ya Precision Air iliyoanguka ziwani Bukoba tarehe 6 Novemba 2022, hali ya hewa ikiwa mbaya, iliionyesha Afrika Mashariki nzima jinsi mambo yalivyo: waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Watu 43 walikuwa ndani, na 24 walitoka hai. Katika maji meusi hata wenye vifaa hupata taabu. Gari lililotumbukia kutoka kivuko cha Likoni, Mombasa, tarehe 29 Septemba 2019 lilitolewa tarehe 11 Oktoba, kutoka kina cha mita 58, baada ya kazi ya siku nyingi ya Jeshi la Wanamaji na wapiga mbizi wengine.

Anayezamia gizani hufanya kazi kwa kamba. Mmoja hubaki ukingoni ameshika mwisho wake, aliye majini huzunguka nusu duara akipapasa, kamba huongezwa urefu wa mkono mmoja, naye hurudi upande wa pili. Wanazungumza kwa kuivuta, kwa ishara walizokubaliana kabla. Bila kamba mtu hupapasa mahali pamoja mara tatu na kuruka pale alipo marehemu. Mtoni hali ni mbaya zaidi, kwani mkondo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu yake ya kumsukuma mtu huongezeka mara nne, na mti uliolala chini ya maji hupitisha maji lakini humnasa binadamu. Hapo hakuna ujasiri unaofaa. Lazima mto upungue, na familia iambiwe hivyo kwa upole na mtu inayemwamini.

Baada ya kutoka majini, hatari hubaki mwilini. Mafuriko husomba vyoo na mazizi. Ukingo wa ziwa una konokono wanaobeba kichocho, hasa kwenye magugu-maji, na panya wa mashambani huacha katika maji yaliyotuama viini vinavyoshambulia figo na ini. Kijana aliyezamia Nyando kwa siku tatu anastahili kupimwa kichocho baada ya majuma kadhaa, apewe dawa ya praziquantel akihitaji, achunguzwe masikio, na akipata homa kali na macho mekundu, daktari aambiwe wazi kwamba alikuwa katika maji ya mafuriko. Kwa upande wa mafuriko yenyewe, kuna mradi wa bwawa la Koru-Soin, unaokusudiwa kuyapunguza katika uwanda wa Kano, na bwawa litazuia mchanga. Mfinyanzi utapita juu ya ukuta hadi Winam, isipokuwa nyasi na matuta ya Soin yaushike kwanza. Wakati kazi hiyo inafanyika, kila ufuko na kila daraja la mto linalojulikana kwa kusomba watu linaweza kuwekewa mita 50 za kamba imara, majaketi ya kuelea, visu vya kukatia nyavu, na siku mbili za mafunzo kwa vijana ambao tayari ndio wanaoitwa.